Barua ya wazi kwa wasimamizi wa michezo ya vijana magharibi mwa Kenya: Msisajili timu isiyowajua wazazi wa wachezaji wake

Kwa wakuu wa idara za michezo za kaunti za Kisumu, Siaya, Vihiga na Kakamega. Kwa viongozi wa matawi ya soka katika kaunti hizo. Na kwa walimu wakuu na walimu wa michezo wa shule zetu.

Waheshimiwa,

Ninawaandikia nikiwa mwalimu wa shule ya msingi ambaye kwa miaka 11 amefundisha soka kwa kujitolea, kwanza kikosi cha wavulana na baadaye pia cha wasichana walio chini ya miaka 15, katika mitaa ya Nyalenda na Manyatta hapa Kisumu. Ninawaandikia pia nikiwa mzazi, kwa kuwa binti yangu anacheza voliboli chini ya kocha mwingine, na kwa hiyo ninajua inavyokuwa kumngoja mtoto mlangoni giza likiingia bila kufahamu yuko na nani. Ombi langu ni moja, na ninalitanguliza ili lisipotee katikati ya maelezo: tafadhalini, msisajili timu yoyote ya watoto, iwe ya mtaani au ya shule, mpaka kocha wake aonyeshe kwamba ameonana ana kwa ana na mzazi au mlezi wa kila mchezaji, kwamba wamepatana kuhusu mambo machache ya msingi, na kwamba anajua atampata wapi mtu huyo mtoto akiumia.

Nilifika kwenye ombi hili kwa sababu ya Jumamosi moja ambayo sijaisahau. Tulikuwa katika robo fainali ya mashindano ya mtaa, timu zikiwa sare ya bao moja kwa moja, mzee mmoja alipoingia uwanjani mchezo ukiendelea, akamshika mkono winga wangu wa kulia, akaanza kuondoka naye. Watazamaji walizomea, refa akapuliza filimbi, nami nikamkimbilia kwa hasira na kumwambia, "Mzee, huwezi kuingia uwanjani namna hii, unawaharibia watoto mechi." Aligeuka akanitazama, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwalimu, mimi unanijua?"

Sikumjua. Kijana wake alikuwa amecheza kwangu misimu miwili. Nilijua kwamba hupenda kukata kuelekea ndani kwa mguu wa kushoto, na kwamba akipoteza mpira huinamisha kichwa kwa dakika nzima, lakini baba yake sikuwa nimemwona hata siku moja, jina lake sikulifahamu, na nambari yake ya simu sikuwa nayo. Baadaye nilielezwa kwamba kila Jumamosi mzee yule alikuwa akimpa mwanawe pesa za tuisheni, na mtoto alikuwa akizitumia kama nauli ya kuja uwanjani. Asubuhi hiyo jirani alikuwa amemuuliza, kwa nia njema kabisa, kama atakwenda kumshangilia mwanawe katika robo fainali. Hivyo ndivyo alivyopata habari. Kijana hakurudi tena kwenye timu, na nilipokwenda kwao wiki mbili baadaye kuomba radhi, niliambiwa amepelekwa kusoma kijijini kwa nyanya yake.

Kwa muda mrefu nilikisimulia kisa hiki kama kisa cha mzazi mkorofi, na makocha wenzangu walinisikiliza huku wakitikisa vichwa kwa kukubaliana nami. Leo ninakisimulia kama kisa cha kocha aliyemchukua mtoto wa mwenyewe kwa miaka miwili bila kubisha hodi.

Waheshimiwa, mamlaka ya kulirekebisha jambo hili mnayo. Jedwali la Nne la Katiba ya mwaka 2010 liliziweka shughuli za michezo na viwanja vyake miongoni mwa kazi za serikali za kaunti. Kifungu cha 53 cha Katiba hiyo hiyo kinasema kwamba maslahi ya mtoto ndiyo yatakayotangulizwa katika kila jambo linalomhusu, na kwamba malezi na ulinzi wake ni wajibu ulio sawa kwa baba na kwa mama. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 imeufafanua wajibu huo kwa kirefu. Hakuna mahali ambapo sheria hizi zinasema kwamba wajibu wa mzazi husimama kwenye lango la uwanja. Hata hivyo, katika mashindano yote ambayo nimeingiza timu, nimeombwa vyeti vya kuzaliwa, picha za wachezaji na ada ya kujiandikisha, na sikumbuki kuulizwa hata mara moja kama wazazi wa watoto hao wana habari kwamba wanacheza.

Mikutanoni, mtu akisema "mzazi", wengi wetu humfikiria mtu aliyefika na gari, akasimama pembeni mwa uwanja na chupa ya maji mkononi. Wazazi wa wachezaji wangu ni mama anayeuza omena sokoni Kibuye, ambaye Jumapili, siku ambayo wengine hupumzika, ndiyo siku yake kubwa ya soko. Ni mvuvi wa Dunga anayeshinda ziwani usiku na kulala mchana. Ni mwendesha bodaboda ambaye saa kumi na moja jioni, wakati sisi tunafanya mazoezi, ndipo anapopata abiria wengi. Ni nyanya anayelea wajukuu wanne, miguu ikiwa haimruhusu tena kutembea hadi uwanjani. Kocha akiwaandikia watu hawa barua ya kuwaita mkutanoni Ijumaa saa nane mchana, kisha akaja kulalamika kwamba wazazi wa siku hizi hawajali, amewakosea. Hawakukosa kujali, ila waliitwa saa isiyo yao.

Niliacha kuwaita, nikaanza kuwaendea. Mwanzoni mwa kila msimu mimi na msaidizi wangu, ambaye ni mama mwenye watoto wakubwa, tunatembelea nyumba kwa nyumba, mbili au tatu kila jioni, na kazi yote huisha katika muda wa wiki tatu hivi. Hatwendi mmoja mmoja, kwa usalama wetu na wa watoto. Tukifika tunakubali kiti, tunasalimu wote waliopo, na tukipewa chai tunakunywa kabla ya kutaja mpira, kwa kuwa aliyekataa kiti cha mwenye nyumba hawezi kutazamia kusikilizwa. Kisha tunauliza kabla ya kueleza: mtoto huyu ana kazi gani za nyumbani, anarudi saa ngapi, shuleni anaendeleaje, kuna jambo gani kuhusu afya yake ambalo tunapaswa kulijua, na nyinyi wenyewe mna wasiwasi gani juu ya mpira? Swali hilo la mwisho ndilo linalofungua mlango. Baba mmoja alituambia wazi kwamba kaka yake mkubwa alikuwa mchezaji hodari, akavunjika mguu, akaishia kwenye ulevi, na kwamba tangu hapo kila anaposikia neno "mechi" humkumbuka yeye. Hakuna mbinu ya mazoezi inayoweza kujibu hofu kama hiyo mpaka isikike kwanza.

Suala la afya linastahili nafasi kubwa kuliko yote, na hapa ninawaomba mnisome kwa makini. Sisi tunaishi katika ukanda wa Ziwa na wa magharibi, ambako selimundu, ugonjwa ambao wengi huuita siko seli, uko kwa wingi kuliko sehemu nyingi nyingine za nchi. Sababu yake inajulikana: mtu aliyerithi jeni moja ya ugonjwa huo hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali, na kwa vizazi vingi malaria imekuwa ikiua sana huku kwetu, kwa hiyo jeni hiyo ikaenea. Aliyerithi jeni mbili, moja kwa kila mzazi, ndiye anayeugua. Seli zake nyekundu za damu hupinda kama mundu anapokosa maji au hewa ya kutosha mwilini, huziba mishipa midogo, na maumivu yanayofuata ni makali mno. Jua kali bila maji, uchovu wa kupita kiasi na baridi ya ghafla baada ya mvua ni mambo ambayo kocha yeyote wa Kisumu hukutana nayo kila juma, na yote matatu yanaweza kuamsha maumivu hayo. Hata mtoto mwenye jeni moja tu, ambaye kwa kawaida ni mzima, anaweza kuingia hatarini akilazimishwa kukimbia mno juani bila kunywa maji.

Nilikuwa na mchezaji mmoja, msichana wa miaka 13, ambaye kila tulipokimbia kuzunguka uwanja alisimama kwenye mzunguko wa tatu na kuomba maji. Nami nilikuwa na sheria kwamba maji ni baada ya mazoezi. Siku moja nilimwamuru amalize mizunguko yote kwanza, nikiamini kwamba ninamfundisha ustahimilivu. Usiku huo alilazwa hospitalini, akakaa siku nne. Mama yake alinijia wiki iliyofuata, nami nilikuwa nimejitayarisha kutukanwa, lakini aliniambia maneno mazito kuliko matusi: "Kocha, sikujua nimwambie nani. Niliogopa nikisema ana siko seli mtamfukuza, na mpira ndio unaomfanya acheke." Mama alificha kwa sababu ya upendo, nami sikuuliza kwa sababu ya uzembe, na mtoto ndiye aliyelipa. Siku hizi anacheza kwa ruhusa ya daktari wa kliniki yake, anakunywa maji wakati wowote anaotaka, anapumzika bila kuomba, na mvua ikinyesha hupewa sweta kabla ya wengine. Sheria yangu ya maji niliifuta kwa wachezaji wote.

Hiyo ndiyo sababu ninasema kwamba karatasi ya afya, yenye majina ya wazazi, nambari mbili za simu, magonjwa, mzio na hospitali ambako mtoto hutibiwa, iwe sharti la usajili kama kilivyo cheti cha kuzaliwa. Iwe siri kati ya kocha na mzazi, na mzazi ahakikishiwe kwa maandishi kwamba hakuna mtoto atakayeondolewa kikosini kwa sababu tu ya kutaja ugonjwa. Bila ahadi hiyo ya pili, karatasi itajazwa uongo.

Nikija kwenye pesa, nitasema yale niliyoyaona. Heshima ya kocha inaweza kudumu baada ya kufungwa mabao saba, lakini haidumu baada ya shilingi 50 ambazo hazikuelezwa zilikokwenda. Michango ya nauli na chakula inapotumwa kwa M-Pesa kwenye simu ya kocha, hata akiwa mwaminifu kiasi gani, minong'ono haikosi, na mzazi aliyeshindwa kuchanga huanza kuamini kwamba mwanawe anakaa benchi kwa sababu hiyo. Katika timu yetu wazazi wenyewe walichagua mweka hazina, mama anayeuza mboga na ambaye kwa miaka mingi amekuwa akitunza vitabu vya chama chao cha akina mama. Kabla ya safari yoyote, iwe ya Kakamega au ya Siaya, anasoma bajeti mbele ya wote: kukodi matatu ni kiasi hiki, chakula ni kiasi hiki, dawa za huduma ya kwanza ni kiasi hiki. Baada ya safari anasoma yaliyotumika na yaliyobaki. Mwanasiasa au mhisani akileta jezi, zinaandikwa kwenye daftari la timu kuwa mali ya timu. Mzazi asiyeweza kuchanga, jambo hilo analijua yeye na mweka hazina, basi, na mimi ninayepanga kikosi sitaki kuambiwa.

Ugomvi mwingine wa kawaida unatokana na nani anacheza na nani anakaa benchi. Hapa makocha tumezoea kujificha nyuma ya maneno "mimi ndiye kocha", na maneno hayo ni ya kweli ila hayamsaidii mtu yeyote. Tunawaeleza wazazi mwanzoni kabisa kwamba katika mechi za walio chini ya miaka 13 kila mtoto aliyehudhuria mazoezi atacheza angalau nusu ya mchezo, hata tukiwa tunapigwa. Tunawaeleza pia kwamba kuanzia miaka 14 nafasi itategemea mahudhurio, nidhamu na uwezo, na kwamba kila mchezaji ataambiwa waziwazi, peke yake, anachopaswa kuboresha. Mzazi ana haki ya kuniuliza kuhusu mwanawe. Hana haki ya kuniuliza kuhusu mtoto wa mwenzake, na swali lolote la mechi linasubiri usiku upite. Usiku mmoja umeniepusha na magomvi mengi kuliko ninavyoweza kuhesabu, kwa sababu Jumapili jioni mimi na mzazi huwa tumekwisha kupoa.

Kuna baba mmoja ambaye alikuwa akisimama nyuma ya mstari na kumwelekeza mwanawe kila hatua. Mimi nikisema tulia, yeye anasema piga. Nikisema rudi, yeye anasema panda. Mtoto alifikia hatua ya kumtazama baba yake kabla ya kugusa mpira, na kwa wakati huo mpira huwa umekwisha kuchukuliwa. Kumkataza kungekuwa kumwaibisha mbele ya watu, kwa hiyo nilimwomba anisaidie kazi: ashike karatasi na kalamu, ahesabu pasi za timu nzima na aandike nani kampa nani. Katika mwezi wa pili wa kazi hiyo aliniletea karatasi zake, akaniambia, "Mwalimu, hawa vijana hawampi mpira beki wa kushoto." Nilikuwa sijaliona jambo hilo, na lilikuwa kweli tupu. Tangu siku hiyo nimeamini kwamba mzazi anayepiga kelele pembeni mara nyingi ni mtu mwenye bidii ambaye hajapewa shughuli. Wako wengine, ni kweli, wanaowatukana marefa na watoto wa timu pinzani, nao hao waondolewe uwanjani bila kubembelezwa, lakini ni wachache kuliko tunavyodai.

Sasa wasichana. Mwaka 2024 Junior Starlets walikwenda Jamhuri ya Dominika kwenye Kombe la Dunia la wasichana walio chini ya miaka 17, wakawa timu ya kwanza ya soka ya Kenya kucheza fainali za Kombe la Dunia la ngazi yoyote, na wakawashinda Mexico mabao 2 kwa 1. Shule za huku kwetu, Butere Girls ikiwa mojawapo ya zinazojulikana zaidi, zimelea wachezaji wa kike kwa miaka mingi. Fahari hiyo ni yetu, lakini haitoshi kumfanya mama wa Nyalenda amruhusu binti yake atoke nje jioni. Hapa kwetu jua huzama kati ya saa kumi na mbili na nusu hivi na saa moja mwaka mzima, na kati ya uwanja na nyumbani kuna vichochoro ambavyo sisi wanaume hatuna habari navyo kwa sababu hatujawahi kuvipita tukiwa wasichana wa miaka 14. Mama akikataa, tunamwita mshamba asiyeelewa kipaji. Ukimwuliza, atakueleza mambo matatu yenye akili kabisa: giza, kazi za nyumbani, na kocha mwanamume.

Kuhusu giza, tulisogeza mazoezi yaanze saa kumi kamili na kuisha saa kumi na mbili kasoro robo, na wasichana wanaondoka kwa makundi kufuata mtaa, mkubwa wao akiwa na nambari ya simu ya mzazi mmoja anayethibitisha kwamba wote wamefika. Kuhusu kazi, tulipatana na akina mama kwamba siku za Jumanne na Alhamisi kaka zao watateka maji. Baadhi ya kaka hao ni wachezaji wangu, nami niliwaambia kwamba asiyeteka maji siku hizo asije mazoezini. Kuhusu kocha mwanamume, jibu ni moja tu, na ningependa liwe amri kutoka kwenu: timu ya wasichana isisajiliwe bila msimamizi wa kike mwenye umri wa kutosha, anayekuwepo katika kila zoezi na kila safari, kocha yeyote, awe mwanamume au mwanamke, asiwe peke yake na mtoto ndani ya chumba au gari, ujumbe wa kocha kwa mtoto upitie kwa mzazi, na mahali pa kulala safarini pajulikane kwa mzazi kabla ya gari kuondoka. FIFA imekuwa na mpango wake wa kuwalinda watoto katika soka tangu mwaka 2019, na miongozo yake iko wazi kwa kila shirikisho. Ninawaomba mwitoe ofisini, muifasiri kwa Kiswahili na Kiluo na Kiluhya, na kuisoma mbele ya wazazi, maana kocha mbaya hunawiri pale ambapo mzazi hajui alichopaswa kuuliza.

Jambo la umri ni chungu kulitaja kwa kuwa sote tunalijua. Kijana wa miaka 17 anachezeshwa na wa miaka 14 kwa cheti kilichotengenezwa, na mara nyingi kocha na mzazi hukaa meza moja kulipanga, kila mmoja akidhani anamsaidia mtoto. Tangu mwaka 2009 FIFA imetumia picha za MRI za kifundo cha mkono, zinazoonyesha mifupa ilivyokomaa, katika Kombe la Dunia la wavulana walio chini ya miaka 17 kubaini waliokomaa kupita umri huo. Mtoto aliyejengewa maisha juu ya cheti cha uongo huporomoka hapo, na kocha wake huwa amekwisha kupata kombe lake na kusonga mbele. Makombe ya watoto yakipewa uzito mdogo katika kupima kazi ya kocha, vyeti vya uongo vitapungua. Mpimeni kwa idadi ya wachezaji waliobaki shuleni na waliobaki mchezoni.

Wakati huo huo kuna watu wanaowatembelea wazazi wetu wakiahidi kuwapeleka watoto kuchezea klabu za ng'ambo. Nimeshuhudia familia ikiuza ng'ombe wawili kwa ajili ya "pesa za viza" za mvulana wa miaka 15, na aliyezipokea hakuonekana tena. Laiti mtu angewaambia wazazi wale kanuni moja tu, ng'ombe wangebaki zizini: kanuni za FIFA haziruhusu mchezaji aliye chini ya miaka 18 kuhamia klabu ya nchi nyingine, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa, kama vile familia yake kuhamia huko kwa mambo yasiyohusu soka, au mchezaji na klabu kuwa wote ndani ya kilomita 50 kutoka mpakani, jambo ambalo ndugu zetu wa Busia wanaweza kulifahamu zaidi. Vilevile wazazi waelezwe kwamba fidia ya mafunzo, yaani malipo kwa klabu zilizomfunza mchezaji, huhesabiwa kuanzia mwaka mchezaji anapofikisha miaka 12, na kwamba sehemu ya asilimia 5 ya ada ya uhamisho hugawiwa klabu zilizomlea. Pesa hizo hulipwa klabu, na hulipwa tu ikiwa mtoto alisajiliwa ipasavyo wakati ule. Kocha akilieleza hili mapema, hataitwa mwizi baadaye, na mzazi ataona mwenyewe kwa nini usajili wa kweli una manufaa.

Walimu wakuu, kwenu nina neno fupi. Mfumo mpya wa elimu umeweka Sanaa na Sayansi ya Michezo kuwa mmoja wa mikondo mitatu ya sekondari pevu, na wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 wameanza mwaka 2026. Mzazi hawezi kuuchagua mkondo huo kwa busara ikiwa mtu pekee aliyezungumza naye ni mwalimu wa michezo anayetaka mshambuliaji kwa ajili ya muhula wa pili. Anayemtafuta mchezaji kutoka shule nyingine aanze kwa mzazi, na ahadi ya karo iandikwe, isemwe ni ya miaka mingapi, na itaje mtoto akiumia goti itakuwaje.

Mtaniuliza gharama. Nchi yetu, pamoja na Uganda na Tanzania, inajiandaa kwa AFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika, ya mwaka 2027, na viwanja vinazungumziwa kila siku. Ninaloomba halihitaji hata mfuko mmoja wa saruji. Linahitaji ukurasa mmoja katika fomu ya usajili, ambapo mzazi au mlezi anatia sahihi au kidole gumba mbele ya kocha. Linahitaji nusu siku katika kozi za makocha kuzungumzia namna ya kuketi na mzazi, kwa kuwa katika kozi nilizohudhuria tulifundishwa kupanga koni kwa siku nyingi na habari ya mzazi haikutajwa. Linahitaji mtu mmoja katika kila kaunti ndogo, na Kisumu ina saba tu, ambaye nambari yake imebandikwa uwanjani na kwa chifu, ili mzazi mwenye malalamiko dhidi ya kocha, au kocha anayetishwa na mzazi, ajue pa kwenda kabla jambo halijafika polisi. Na linahitaji ujumbe wa kawaida wa simu, kwa sababu kundi la WhatsApp, ambalo sasa ndilo tunaloliita mawasiliano, humwacha nje mwenye simu ndogo tunayoiita kabambe, naye mara nyingi ndiye nyanya mwenye wajukuu wanne.

Makocha wenzangu wamenionya kwamba sharti hili litapunguza timu. Huenda katika msimu wa kwanza zikapungua, na ninalikubali hilo bila kusitasita, kwa maana timu ambayo kocha wake hawezi kuwafikia watu ishirini wanaoishi umbali wa kutembea kwa miguu haipaswi kukabidhiwa watoto wao. Mkiona ni vigumu kulifanya kwa umri wote, anzeni na walio chini ya miaka 13.

Daftari la timu yetu, lenye karatasi za afya zikiwa zimefunikwa majina, maswali tunayouliza nyumbani kwa wazazi, na hesabu za safari za misimu minne, liko tayari kukaguliwa na afisa wenu yeyote. Tunafanya mazoezi kila Jumanne na Alhamisi kuanzia saa kumi alasiri, na wazazi wawili wa zamu huwa pale. Mkija, wao ndio watakaowapokea.

Wenu kwa heshima,

Kocha na mzazi,
Kisumu